Gunia la Mama Mawe

Afisa wa afya aliyekuja kuchukua gunia la Jentrix hakumsalimu. Alisimama mbele ya meza yake sokoni Kitale, saa nne asubuhi, watu wamejaa hadi pomoni, akamwonyesha askari wa kaunti lile gunia kwa kidole, naye askari akaliinua begani. Wakalifunga mdomo kwa utepe wa manjano, ule wanaozungushia mahali mtu amekufa. Jentrix alikuwa ameshika kikombe cha uji. Alikishika hivyo hivyo mpaka uji ukapoa.

Afisa huyo aliitwa Gicheru. Kabla ya kuondoka alisema maneno machache tu, tena akiwaambia watu waliosimama, si Jentrix mwenyewe. Alisema mama huyu anauza sumu, na kuna mjamzito amelazwa hospitalini kwa sababu yake. Kamati ya soko ingekaa Alhamisi. Mpaka siku hiyo meza ifungwe, na akipatikana na makosa, asahau kabisa kuuza chochote katika soko lile.

Miaka ishirini na miwili Jentrix alikuwa amekaa kwenye meza hiyo akiuza odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wanawake wenye mimba huyatamani kuliko chakula. Mwanamke anaweza kuchukia harufu ya nyama, akachukia hata mume wake, lakini odowa ataifuata popote ilipo na kuitafuna kama njugu. Kwa hiyo soko zima lilimwita Mama Mawe. Kwa meza hiyo, akiwa mjane katika chumba cha mabati Kipsongo, alilea watoto watatu mpaka wakajitegemea. Na sasa kijana wa juzi anakuja kumfungia kama mwizi wa kuku, hata hujambo hana.

Kilichomchoma zaidi ni neno lile, sumu. Wauzaji wengi wa odowa hununua gunia, wanalifungua na kuuza. Jentrix hakuwa hivyo hata siku moja. Alikuwa na namna yake ya kuyajua mawe, na namna hiyo hakuiokota njiani.

Alipokuwa bado bibi harusi, nyumbani kwa mumewe pale Kanduyi, alipata kibarua cha kuwapikia watu waliokuwa wakipima miamba kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mkubwa wao alikuwa Bwana Nderitu, mzee mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi, mtu asiyejali amekula nini ila anajali sana amekanyaga nini. Jioni alikuwa akipanga mawe juu ya meza ya kulia. Siku moja Jentrix aliyafagia akidhani ni takataka, na Nderitu hakumgombeza. Alimpeleka nje, wakayaokota yote, kisha akamwuliza lipi ni lipi. Jentrix akaanza kusema hili jeupe, hili jekundu, hili linang'aa. Mzee akatikisa kichwa.

"Sikuulizi linafanana na nini," alimwambia. "Nakuuliza linafanya nini."

Tangu siku hiyo, kila akimaliza vyombo, alipewa jiwe. Likwaruze kwa kucha. Likikubali kucha, hilo ni laini sana. Likikataa kucha, jaribu kisu. Livute juu ya mgongo wa kigae, pale pasipong'arishwa, uone mstari wake una rangi gani, kwa sababu jiwe laweza kuvaa rangi yoyote nje lakini unga wake haudanganyi. Lile la chuma, hata likiwa jeusi tititi, huacha mstari wa rangi ya kutu. Likamulie ndimu, lenye chokaa litatoa povu. Lipulizie pumzi ya mdomo halafu ulinuse upesi; udongo utanuka kama shamba lililopata mvua ya kwanza. Liguse kwa ulimi. Udongo mkavu utaushika ulimi usitake kuuachia. Wanaume wa kambi walicheka mpaka wakashika mbavu, ati mpishi anaonja mawe kabla ya supu. Jentrix akawaacha wacheke, naye akaendelea kulamba.

Alipofiwa na mume na kuhamia Kitale, elimu hiyo ndiyo aliyobeba. Kila gunia lililoshuka kutoka machimboni huko mlimani alilimwaga juu ya turubai na kulipitia jiwe kwa jiwe. Lililoacha mstari wa kutu alilitupa. Lililotoa povu la ndimu alilitupa pia, kwa kuwa chokaa si odowa. Alivunja moja hapa na moja pale akaliacha ndani ya maji, kwa sababu udongo wa kweli, ukishaloa, hutoa viputo na kuporomoka wenyewe. Yaliyobaki aliyakausha juu ya makaa mpaka yakashika harufu ya moshi ambayo wajawazito huipenda. Na hata hayo hakuyauza ovyo. Vipande viwili kwa siku, basi, na ukirudi mara ya tatu unaulizwa kadi ya kliniki. Alisema mawe yanajaza tumbo lakini hayajazi damu. Wenzake walimcheka, eti ameona wapi mfanyabiashara anayefukuza wateja.

Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa Wamboi, mke wa Gathii mwenye duka la vitambaa. Wamboi alikaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto, na mimba hii ilipoingia, soko lote lilifurahi naye. Lakini tamaa ya odowa ilimshika vibaya. Alikuja asubuhi, akaja mchana, akaja jioni, midomo imekuwa myeupe kama amekula unga. Jentrix akamwangalia macho, akavuta kope za chini, akaona ndani hamna wekundu. Akamkatalia katakata. Akamwambia aende akapimwe damu kwanza, ndipo arudi. Wamboi alisonya, akaondoka, na hakurudi tena kwenye meza hiyo.

Huyo ndiye aliyelazwa. Tumbo lake lilikuwa limefunga wiki nzima, hapati choo, akila anatapika, na madaktari wakawa na wasiwasi juu ya mtoto. Ndani ya mkoba wake palikutwa vipande vitatu vya odowa. Gathii alivibeba mpaka ofisi ya afya. Mkewe hununua wapi? Kila mtu alijua. Kwa Mama Mawe.

Jentrix alikwenda hospitalini siku hiyohiyo kumwona mgonjwa, na Gathii akamzuia mlangoni, akamwambia mbele ya wauguzi kwamba amekuja kumalizia kazi yake. Jentrix aligeuka. Alirudi nyumbani kwa miguu, na kila alipofikiria jibu la kumpa mtu yule alikuta lingekuwa tusi.

Usiku huo hakulala vizuri, lakini asubuhi akili ilikuwa imetulia. Wamboi hakununua kwake majuma mawili. Basi alinunua kwa nani? Akatazama meza ya pili kutoka yake. Pale aliketi Emmy, mama kijana wa watoto mapacha, aliyekuwa na miezi mitatu tu tangu aanze kuuza odowa. Mawe yake yalikuwa meupe pepepe, na wateja waliyapenda kwa weupe huo huo, wakisema ya Mama Mawe yana rangi ya vumbi, haya ni masafi. Jentrix alimwomba kipande kimoja. Emmy alimpa kwa heshima, hana habari.

Alilirusharusha lile jiwe kiganjani, lilikuwa jepesi mno. Kucha ililikwaruza vizuri. Mstari wake kwenye kigae ulikuwa mweupe. Ndimu haikutoa povu. Hata ulimi liliushika kidogo. Mtu mwenye haraka angeridhika hapo na kuomba msamaha. Lakini alipolipulizia pumzi na kulinusa, hakusikia udongo. Alisikia harufu ya nyumba mpya. Akalitia kwenye kikombe cha maji, na kwenye kikombe kingine akatia kipande chake mwenyewe kilichosalia mfukoni mwa aproni, akakivunja kwanza. Kabla Emmy hajamaliza kumhudumia mteja, kile cha Jentrix kilikuwa kimekuwa uji. Kile cha Emmy kilikaa mpaka adhuhuri, kigumu, kimetulia, kama kimewekwa pale kulinda maji.

Emmy aliogopa mpaka machozi yakamtoka. Alisema yeye huletewa tu, hajui hata machimbo yako wapi. Anayemletea ni Hesbon wa Kanduyi.

Hapo Jentrix alikaa chini. Hesbon alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Alifika Kanduyi kesho yake mchana. Boma la Hesbon halikuwa mbali na uwanja wa michezo, upande ule ambao nyumba mpya zinaota kila mwezi. Mke wa Hesbon alimpokea kwa furaha na kumtilia chai. Jentrix aliomba kwenda chooni, na alipopita nyuma ya nyumba akaona alichokuwa akihofia. Palikuwa na rundo la vipande vya dari za jipsam, zile nakshi za maua na vikombe ambazo mafundi huzitupa zikivunjika. Kando yake palikuwa na nyundo, na pipa la kuyazungushia yale mavunjavunja pamoja na vumbi mpaka kona zake ziwe mviringo. Na jiko la kuyakaushia. Kazi nadhifu kabisa. Mtu alikuwa amekaa hapo na akili zake timamu, akawaza wanawake wenye mimba watatafuna dari, na akaona ni sawa.

Hesbon alipomkuta amesimama pale hakushtuka sana. Alivuta kiti.

"Shemeji, hiyo ni mawe tu kama mawe ingine," alisema. "Wamama wa Kitale si wanataka nyeupe? Mimi nawapatia nyeupe. Ati nani amekufa?"

Jentrix alimweleza kuhusu Wamboi, tumbo lake, na miaka yake tisa. Alimweleza kuhusu gunia na kamati ya Alhamisi. Hesbon alisikiliza akikwangua ukucha kwa kijiti. Halafu akasema mambo ya nyumba hayapelekwi sokoni. Yeye Jentrix aseme tu kwamba mimba nyingine ni ngumu, watu watasahau, na kama meza ikifungwa, ukoo hautamwacha alale njaa. Kisha akatoa lile alilolificha.

"Nani alibeba jeneza ya ndugu yangu mpaka kaburini? Si ni mimi? Na leo unataka kunitaja kwa kamati kama mwizi?"

"Ulibeba jeneza moja, nikakushukuru," Jentrix alisema. "Sasa unatengeneza zingine, bana, na unataka nikusaidie kubeba."

Chai aliiacha mezani, haijaguswa. Katika ukoo ule hilo ni tusi kubwa kuliko neno lolote, na mke wa Hesbon aliliona na kuinamisha uso.

Alhamisi ofisi ya soko ilijaa, na walioshindwa kuingia wakajipanga madirishani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gichuki, muuza viti na makabati, mtu anayetaka kila kikao kiishe kabla ya chakula cha mchana. Gicheru aliweka juu ya meza gunia lenye utepe na bahasha yenye vile vipande vitatu vya mkobani. Akasoma karatasi. Vipande vitapelekwa maabara Nairobi, majibu yatachukua majuma kadhaa, na kwa usalama wa umma mshukiwa asiuze tena. Alisema mshukiwa mara tano. Jina hakulitaja.

Jentrix alisimama akaomba gilasi mbili za maji. Gicheru akacheka, akasema hapa si jikoni. Mzee Gichuki akasema maji si kesi, yaletwe. Gicheru akatoa sharti kwamba mshukiwa asiguse chochote, maana anaweza kuchezea ushahidi. Basi yeye mwenyewe akakata utepe, akachagua jiwe moja kutoka ndani kabisa ya gunia, akalitia kwenye gilasi ya kwanza. Katika gilasi ya pili akatia kipande cha bahasha.

Jentrix aliwaambia watu watazame, udongo utaporomoka, kisicho udongo kitabaki. Wakatazama. Dakika zikapita. Kipande cha bahasha kilikaa. Na jiwe la Jentrix nalo likakaa vilevile. Mtu mmoja dirishani akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikaanza kusambaa. Gicheru akafunga kalamu yake.

Jentrix alisogea karibu na gilasi. Alilitazama lile jiwe na kuona ganda lake jeusi la moshi, na papo hapo akajua. Gunia lile alilikausha siku ya mvua, akachochea makaa mno ili yasikae na unyevu, na moto umekaza ngozi ya nje, maji hayapenyi. Kosa ni lake mwenyewe. Huko kambini asingethubutu kuloweka jiwe bila kuvunja kwanza, na hata juzi mbele ya Emmy alivunja. Leo alikatazwa kugusa, na kwa hasira akasahau kusema.

"Daktari, yatoe uyavunje," alisema. "Vunja wewe mwenyewe, mimi sigusi."

Gicheru alitaka kukataa, lakini Mzee Gichuki alikuwa ameshasogeza kiti mbele. Afisa akalitoa jiwe la Jentrix na kuligonga kwa kitako cha kufuli. Lilifunguka kama ugali wa jana, ndani lina rangi ya maziwa yenye majani ya chai kidogo. Kisha akagonga kile cha bahasha. Kilivunjika vipande viwili, ila havikuachana. Vilining'inia mkononi mwake, vimeshikwa na nyuzi.

Gicheru akavivuta. Nyuzi zikanyooka.

"Hiyo ni katani," Mzee Gichuki alisema polepole. "Hiyo ni dari. Mimi nimeweka hiyo kwangu sebuleni mwaka jana, fundi aliichanganya nikiona."

Wakarudisha vyote majini. Jiwe la Jentrix likachemka viputo, likatoa pumzi, likalala chini likawa tope. Kile kingine kikabaki kama kilivyo, nyuzi zikielea. Wanawake wa dirishani walianza kusukumana waone, na sauti zao sasa hazikuwa za kucheka. Mmoja alikuwa ameshika tumbo lake.

Mwenyekiti akauliza kitu hiki kimetoka wapi. Emmy, aliyesimama karibu na mlango, alitazama miguu yake. Jentrix angeweza kunyamaza hapo. Alikuwa ameshajiondolea lawama, na jina lililobaki lilikuwa la nyumba yake. Lakini alilitoa, na jina la baba yake Hesbon akaliongeza, na boma lilipo, na rundo la nyuma ya nyumba, asije mtu akasema hakuelewa.

Polisi walipofika Kanduyi walikuta pamefagiliwa vizuri, hata jivu hakuna. Hesbon alikuwa amesafiri, mke wake hajui wapi. Jamaa wa mumewe waliacha kupokea simu za Jentrix, na shangazi mmoja alimtumia ujumbe kwamba asikanyage tena makaburini kwao. Huyo aliyetengeneza dari za kula hakuandikiwa ujumbe wowote na shangazi. Jambo hilo bado linamkera, na lina haki ya kumkera.

Wamboi alipona. Madaktari walipoambiwa alichokula walijua la kufanya, tumbo likafunguka, akaongezwa damu, na mtoto bado anacheza ndani. Alimtuma Gathii aje kumwambia Mama Mawe kwamba yeye alinunua kwa jirani, na hakusema mapema kwa sababu aliona aibu, vile alivyokuwa amekatazwa. Jentrix alimsikiliza mwanamume huyo aliyemfukuza mlangoni. Akamjibu kwamba anashukuru Mungu kwa mtoto, lakini aibu hiyo ya mkewe ilidumu siku nne nzima na siku zote nne yeye aliitwa muuaji. Gathii alikuwa amemletea kitambaa cha kitenge. Jentrix alikipokea, akakikunja, na bado hakutabasamu.

Jumatatu Gicheru alirudi na gunia. Safari hii alisalimu. Aliliweka chini mbele ya meza, akatoa ripoti iliyopigwa chapa, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi ndipo arudishiwe mali yake. Wateja walikuwa wameshaanza kujikusanya, na Jentrix alikuwa hajauza kitu kwa juma zima. Akavaa miwani, akaisoma ripoti, akaisoma tena.

Iliandikwa kwamba kufuatia uchunguzi wa kina uliofanywa na ofisi ya afya, kwa kutumia njia za kupima ugumu, kuvunjika na kuyeyuka majini, ofisi ilibaini kuwa vipande vile ni jipsam. Iliandikwa kwamba ofisi ilichukua hatua za haraka. Jentrix alikuwamo mara moja tu, karibu na mwisho, kama mshukiwa wa awali. Gicheru aliona jinsi uso wake unavyobadilika, akasema kwa upole kwamba hiyo ni lugha ya ofisi tu, mama, weka sahihi tumalize.

Jentrix aliiweka kalamu juu ya gunia.

"Daktari," alisema, kwa sauti ambayo hata Emmy kwenye meza yake aliisikia, "ofisi ililamba jiwe gani?"

Gunia lilibaki kati yao. Wanawake waliopanga foleni hawakuondoka, na Jentrix hakunyoosha mkono. Mwishowe Gicheru aliichukua ile kalamu yeye mwenyewe, akaiegemeza ripoti juu ya meza ya mawe, akaanza kukata maneno kwa mstari, akianza na lile la mshukiwa.